Safu ya Tisa

Ni mara ya tatu naingia kinuni kwa Lechipya,
Kizota, ng'ambo ya reli.
Upepo wa Agosti umenitangulia,
umekaa kwenye kiti cha wageni na vumbi lake lote.
Mara ya kwanza aliniambia njoo Jumatatu.
Jumatatu alikuwa Kibaigwa, au alikuwa chooni,
kijana wa mizani hakuwa na hakika.
Leo nimemkuta, hana pa kukimbilia,
mafuta ya alizeti yamempanda hadi viwikoni.

"Wewe ni wa kodi."
Si wa kodi, mzee.
"Zimamoto?"
Wala. Mimi ni wa takwimu.
Anapokea kitambulisho kwa ncha za vidole,
anakigeuza nyuma kama anayetafuta bei.
Namweleza habari ya siri: jina lako halitoki,
la kinu halitoki, kinachotoka ni jumla,
kama mafuta yako kwenye pipa,
nani atajua mbegu hii ilitoka shamba la nani?
Hapo akacheka.
Hapo akafuta kiti kwa kofia.

Dodoso lina kurasa kumi na moja.
Twende mdogo mdogo, namwambia, nitakushika mkono,
safu kwa safu, kama tunapalilia karanga.

Wafanyakazi wangapi?
"Saba."
"Tisa," anasema mkewe, Sechelela, kutoka dirishani.
"Wawili ni vibarua."
"Vibarua hawali?"
Na anaingia na daftari.

Daftari lina harufu ya moshi, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia.
Halijui mshahara ghafi. Marupurupu halijayasikia.
Linajua haya:
*Ndahani elfu kumi na tano, na debe la mashudu.
Chidawali kachukua arobaini, mtoto kalazwa.
Wa mizani, bado.
Wa mizani, bado.
Wa mizani, nusu. Kanuna.*
Nachukua kikokotoo, nayageuza maneno hayo
kuwa tarakimu zilizochomekea shati.

Safu ya tisa: malipo yasiyo fedha taslimu.
"Hakuna. Ruka," anasema Lechipya.
"Andika," anasema Sechelela.
Andika ugali wa saa saba na mlenda wake, siku sita kwa wiki.
Andika lita mbili kila mwisho wa mwezi.
Andika chumba cha mlinzi, kina bati na mlango.

Mlinzi anaitwa nani?

Mkanda wa mashine ulizunguka mara nyingi.
"Babu," akasema Lechipya. "Sisi tunamwita Babu."
Yuko hapa tangu lini?
"Tangu kinu cha kwanza. Kile cha mkono."
Akainuka, akaenda mwenyewe getini.
Nilimwona dirishani, kofia kaivua,
kainama kidogo, anauliza.
Akarudi na jina kiganjani,
kaliandika kwa kalamu ya kutilia magunia alama:
MAHELELA CHIBAGO,
herufi nene kuliko visanduku vyangu.
Nikanakili kutoka mkononi mwake, na yeye ametulia
kama anayepimwa damu.

Ukurasa wa kumi.
Wanafamilia wanaofanya kazi bila malipo, idadi?
Nilisoma kwa sauti ya chini,
kama mtu apitaye msibani na redio.
Lechipya aliitazama mashine.
Sechelela aliitazama kalamu yangu.
"Moja," akasema. "Andika moja, mwanangu,
ila inyooshe vizuri, isije kufanana na saba."

Mwishoni muhuri ukagoma, wino umekauka.
Lechipya akaudondoshea tone la alizeti,
akapulizia, akagonga kwa ngumi.
Ukatoka samawati, na mwezi wa mafuta umeuzunguka.

Nililala na fomu chini ya godoro, Nkuhungu.
Kulipokucha mafuta yalikuwa yamepenya,
ukurasa baada ya ukurasa, kurudi nyuma,
hadi kwenye jina la mlinzi,
na jina lilikuwa linasomeka bado,
hata kwa upande wa pili.